Dozi ya mgonjwa wa figo huamuliwaje?

MGONJWA wa figo kutoka Mitole, wilayani Kilwa, anapoandikiwa dawa, kiwango anachopewa hutokana na majaribio yaliyofanyika mbali na mkoa wa Lindi, mara nyingi nje ya Afrika.

Figo huondoa mabaki ya dawa nyingi mwilini. Zikidhoofika, dawa hurundikana katika damu, na dozi ya kawaida yaweza kugeuka sumu. Hivyo watafiti huwapa wagonjwa wachache wa figo, na watu wenye figo nzima, dozi moja ya dawa, kisha huwapima damu kwa saa au siku kadhaa na kulinganisha. Hapo ndipo huamuliwa kama dozi ipunguzwe au itolewe kwa nafasi ndefu zaidi.

Lakini katika majaribio makubwa, yanayopima kama dawa inatibu, wagonjwa hao mara nyingi huachwa kando. Hata yanapowalenga wao, Afrika husahaulika. Jaribio la dapagliflozin lililochapishwa mwaka 2020 lilihusisha wagonjwa wa figo 4,304 katika nchi 21. Hakuna hata moja ya bara hili.

Jaribio la DART, lililoanza mwaka 2003 nchini Uganda na Zimbabwe, lilikuwa tofauti. Wengi wa washiriki wake 3,316 wenye VVU walitumia tenofovir, dawa inayoweza kudhuru figo, na figo zao zilifuatiliwa kwa miaka. Madhara makubwa yalionekana kwa wachache. Dawa hiyo sasa hutumika sana nchini, Kilwa ikiwamo.

Hali ya figo hujulikana kwa kupima kreatinini katika damu. Pasipo kipimo hicho, daktari hukadiria tu.