Alama 64 zinazoweza kuumbua programu bandia simuni mwako

Katika teritori ya Punia, mkoani Maniema, mchimbaji wa kasiteriti anaijua lebo: gunia la madini hufungwa na kutiwa namba ili ijulikane limetoka wapi. Programu za simu hazina bahati hiyo. Mahali ambapo intaneti ni ghali na dhaifu, watu hupeana programu kwa Bluetooth au kadi ya memori, na faili laweza kupita mikononi mwa watu kumi kabla ya kukufikia. Nani alilichezea njiani?

Swali hilo si la bure, kwani simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. GBWhatsApp, kwa mfano, haitoki kwa wenye WhatsApp. Aliyeikarabati angeweza kutia humo chochote.

Kuna kipimo. Kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256 husoma faili zima, liwe dogo au la gigabaiti kadhaa, na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, yaani heshi. Badilisha nukta moja tu ndani ya faili, na heshi inakuwa nyingine kabisa. Hapo inaishinda lebo ya gunia: lebo yaweza kung'olewa na kufungwa kwenye gunia jingine, lakini heshi inatoka ndani ya faili lenyewe.

Watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezesha video, hutangaza heshi za mafaili yao. Kwenye Windows, amri ya certutil hukokotoa ya faili lako, nawe unalinganisha. Huko Marekani, taasisi ya viwango NIST ina maktaba, NSRL, yenye mamilioni ya heshi za mafaili yanayojulikana. Wapelelezi huitumia kuyaweka kando mafaili ya kawaida wanapochunguza kompyuta. Lakini kujulikana si kuwa salama: humo zimo hata zana za udukuzi.

Tena, heshi ina thamani ya yule aliyekupa. Februari 2016 wadukuzi waliivamia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wapakuaji kwenye faili lenye mlango wa siri. Anayekuletea faili bovu anaweza kukuletea na heshi yake.

Kwa hiyo heshi itafutwe njia nyingine. Ndugu aliye Kindu, mwenye mtandao bora kidogo, anaweza kuichukua kwa watengenezaji wenyewe na kuituma Punia kwa SMS. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. 64 zinaingia, na salamu juu yake.