Kitasa Kikikataa, Angalieni Bawaba Kwanza

Tukitembea pande hizi za Rongo tunakuta stoo nyingi za mlango wa chuma ambao ufunguo haugeuki. Watu husukuma, hugonga kwa nyundo, mwishowe ufunguo unakatikia ndani, na mbolea iko humo mvua ya masika imeshaanza.

Mara nyingi kitasa ni kizima. Jaribuni hivi: zungusheni ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, basi mlango umeshuka kwa bawaba kulegea, na ulimi wa kitasa haulengi tundu la fremu. Inueni mlango kidogo mkiufunga. Ukikubali, mwiteni fundi wa kuchomelea arekebishe bawaba, au pigeni tundu tupa lipanuke. Msinunue kitasa kipya bure!

Ukikataa hata mlango ukiwa wazi, huenda ni vumbi au kutu. Mafuta ya kupikia hapana, hushika vumbi yakaganda. Kwaruzeni ncha ya penseli, unga wake mweusi mtie kwenye tundu la ufunguo. Mkono wa dirisha unaocheza, kazeni skrubu mapema.

Na ufunguo wa pili, jamani, usikae na wa kwanza kwa mweka hazina. Akienda matanga wiki nzima, kikundi kizima kinakaa nje.