KOCHA WA CHUO AKIFUATA MSHIKO, TUMZOMEE?

Jamani vijana wa Kilwa Masoko, Kivinje na Lindi mjini, leo tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mavazi, tuongee kazi. Kuna ubishi haukauki vijiweni: kocha aliyetamba na timu ya chuo, watoto wanamwita baba, ghafla anafungasha virago kwenda kufundisha wanaocheza kwa mshahara. Msaliti huyo, au kaamka?

Tuanzie Marekani, kwenye kikapu chenyewe. Sababu ya kwanza haina siri: ngawira. Mwaka 2024 Los Angeles Lakers walimtaka Dan Hurley, kocha wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na ikaripotiwa mezani kulikuwa na dola milioni 70 kwa miaka 6. Chuo hicho si kigeni kwetu, ndicho alichochezea Hasheem Thabeet wa hapa Bongo kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009.

Sababu ya pili ni uchovu. Kocha wa chuo hafundishi tu. Anazunguka majumbani kuwabembeleza wazazi wamwachie mtoto. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kula matunda ya majina yao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Mwaka 2025 vyuo navyo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Sasa kocha anajiuliza: kama huku nako ni pesa na uhamisho, si bora niende kwenye pesa zenyewe?

Ya tatu ni kiu ya kujipima. Brad Stevens alikifikisha fainali mara mbili, 2010 na 2011, chuo kidogo cha Butler. Mwaka 2013 akaenda Boston Celtics, baadaye akawa bosi wa kusajili, na 2024 timu ikabeba ubingwa. Huyo alilamba dume!

Lakini tusidanganyane, wengi wamemwaga unga. Jerry Tarkanian alidumu mechi 20 tu San Antonio mwaka 1992. John Calipari alikwenda New Jersey 1996, akatimuliwa 1999. John Beilein aliachia ngazi Cleveland mwaka 2020 kabla msimu wake wa kwanza haujaisha. Kisa? Chuoni kocha ni mfalme, akikohoa wote kimya. Kwa wanaolipwa, nyota anamzidi kocha mshahara, na wakigombana anayeondoka ni kocha. Mechi nazo ni 82 kabla ya mtoano, ukifungwa leo kesho uko uwanjani tena. Hurley yeye aliwajibu Lakers asanteni, nabaki kwangu.

Sasa turudi nyumbani. Kocha wetu wa chuo ni yule mwalimu wa michezo anayebaki uwanjani mpaka magharibi akiwanoa watoto wa UMISSETA. Mshahara wake ni wa ubaoni, jasho la jioni ni sadaka. Akimpata kijana mzuri, kidato cha nne kikiisha, kijana huyoo Dar.

Mkoa wetu nao umeonja mpira wa kulipwa. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ila hesabu makocha waliopita pale tangu ipande, utaelewa kwamba kiti hicho kina moto. Kwa kikapu safari ni ndefu zaidi: kwanza Dar, kisha ndoto ya Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021.

Kwa hiyo mwalimu akiitwa na klabu, msimzomee. Yeye ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, na makofi ya wanafunzi hayalipi ada. Ila na wewe mwalimu, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya mdomo. Dai mkataba wa maandishi, soma wanakulipa nini wakikufukuza, ulizia na likizo bila malipo. Halafu kabla hujapanda basi, mwachie mtu filimbi. Wale watoto wa jioni hawana klabu nyingine.

Haya, tukutane wiki ijayo!