Kwa nini kwenye meli ya kitalii unaambiwa ufunge pazia usiku?

Umewahi kuona picha ya meli kubwa ya kitalii iliyopigwa usiku? Inang'aa kama mtaa mzima wa maghorofa uliokatwa na kuwekwa majini. Ubavuni imepangwa vyumba juu ya vyumba, na vingi vina roshani yake: viti viwili, kimeza, na taa ukutani. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina vyumba 2,805. Si vyote vinavyotazama baharini, lakini idadi yenyewe inakupa picha.

Sasa kuna jambo linalowashangaza abiria wengi. Wanaolala vyumba vya mbele huombwa kufunga mapazia jua likishazama. Na kwenye safari za kusini kabisa mwa dunia, kuelekea Antaktika, ombi hilo linakuwa sharti kwa meli nzima: pazia lifungwe, taa ya roshani izimwe. Mtu kalipa pesa nyingi aione bahari, halafu anaambiwa ajifungie ndani!

Si ubahili wa umeme. Sababu ni kwamba gizani taa ndogo huacha kuwa ndogo. Tuanze na jicho, kisha tufanye hesabu, halafu twende kwa wale wanaolipa gharama kubwa kuliko wote.

Jicho linahitaji nusu saa, linapotea kwa sekunde

Ndani ya jicho lako kuna aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Seli za koni zinafanya kazi mchana na ndizo zinazokuonyesha rangi. Seli za fito zinafanya kazi gizani. Rangi hazizitambui, lakini zinaweza kunasa mwanga hafifu sana. Siri ya fito ni kemikali inayoitwa rodopsini. Mwanga mkali ukiingia, rodopsini inavunjika, na mwili unahitaji muda kuitengeneza upya. Ndiyo maana umeme ukikatika ghafla huoni kitu, halafu taratibu unaanza kuona meza, mlango, mtu. Mboni inatanuka ndani ya sekunde, lakini kazi ya rodopsini inachukua dakika 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi.

Jaribu mwenyewe leo. Kaa kwenye chumba chenye giza dakika 20. Funika jicho moja kwa kiganja, washa simu, isome kwa jicho lingine kwa dakika moja, kisha izime na ufungue yote mawili. Jicho lililosoma simu litakuwa kama limepofuka. Lile lililofunikwa bado linaona chumba. Simu ndogo tu imefuta kazi ya dakika 20.

Basi mfikirie afisa wa zamu kwenye chumba cha usukani saa nane usiku. Chumba chake ni giza makusudi, na taa chache za kusomea ramani huwa hafifu na mara nyingi nyekundu, kwa sababu fito haziathiriki sana na mwanga mwekundu. Anatafuta mtumbwi wenye taa ya tochi, au gogo, au kipande cha barafu. Chini yake mtu kawasha taa na kuacha pazia wazi: mwanga unamwagika kwenye sitaha ya mbele, unarudi juu, unagonga vioo vya chumba cha usukani. Dirisha linageuka kuwa kioo cha kujitazamia.

"Si kuna rada?" Ipo, na inasaidia sana. Lakini chombo kidogo cha mbao hakirudishi mawimbi ya rada vizuri, na kikiwa katikati ya mawimbi ya bahari kinaweza kupotea kabisa kwenye skrini. Ndiyo maana Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 bado zinataka kila chombo kiwe na mtu anayeangalia kwa macho na kusikiliza kwa masikio, pamoja na vifaa vyote vilivyopo. Na Kanuni ya 20 inakataza taa yoyote ya ziada usiku ikiwa inaweza kudhaniwa kuwa taa ya kuongozea, kuificha taa hiyo isionekane vizuri, au kumsumbua anayeangalia.

Wazo hili si jipya. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, afisa William Murdoch wa Titanic alimwagiza mtunza taa Samuel Hemming akafunge mfuniko wa sitaha ya mbele uliokuwa unapenyeza mwanga. Walikuwa wanakaribia eneo la barafu, na Murdoch alitaka mbele ya chumba cha usukani pawe giza. Hemming mwenyewe aliyaeleza hayo mbele ya tume ya uchunguzi ya Uingereza. Giza halikuiokoa meli ile, lakini unaona jinsi mabaharia walivyolichukulia kwa uzito hata wakati huo.

Tufanye hesabu ya taa moja

Hapa ndipo wengi wanapobisha: taa moja ya roshani ina nguvu gani hadi isumbue bahari nzima? Swali zuri. Tulipime.

Nguvu ya mwanga unaoelekea upande fulani hupimwa kwa kandela. Kandela 1 ni takriban mwanga wa mshumaa mmoja. Kila meli ina taa za pembeni: nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia. Kwa meli yenye urefu wa mita 50 au zaidi, taa hizi lazima zionekane umbali wa maili 3 za baharini, yaani kilomita 5 na nusu hivi. Kanuni zinasema kwa umbali huo inatosha taa kuwa na kandela 12. Ndiyo, mishumaa kumi na miwili.

Sasa chukua balbu ya kawaida ya LED yenye lumeni 400, ya kama wati 4 au 5. Ikitawanya mwanga sawasawa pande zote, unagawanya 400 kwa 12.57 (hiyo ni 4 mara pai), unapata kandela 32. Yaani balbu moja ya roshani isiyofunikwa ina mwanga zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwango cha chini cha taa inayoiambia meli nyingine unaelekea wapi. Ukiwa na roshani 300 upande mmoja na zote zimewashwa, unapata kandela 9,600 dhidi ya 12. Ni kweli taa halisi za meli mara nyingi huzidi kiwango cha chini, na taa za roshani nyingi zina kifuniko. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno.

Kwa nini hilo ni tatizo? Kwa sababu rangi zile ni lugha. Ukiwa na chombo chako na ukaona taa nyekundu ya meli inayokatiza kutokea kuliani kwako, wewe ndiye unayetakiwa kupisha. Ukikosea rangi, mnaweza kugongana. Na usifikiri suluhisho ni kubadilisha balbu zote za roshani ziwe nyekundu kwa ajili ya macho ya afisa. Sasa utakuwa umezungumza lugha ya taa za pembeni bila kujua!

Hesabu moja ya mwisho, maana tutaihitaji mbele. Mwezi mpevu unaangaza ardhi kwa takriban lux 0.25. Balbu yetu ya kandela 32 inatoa kiasi hichohicho ukiwa mita 11 kutoka kwake. Ukienda mita 100, bado inatoa lux 0.003, ambayo ni kama mara tatu ya mwanga wa nyota usiku usio na mwezi. Hiyo ni balbu moja.

Ndege wanaorudi nyumbani usiku

Twende sasa South Georgia, kisiwa cha Uingereza kilicho kusini mwa Bahari ya Atlantiki, ambako meli za kitalii hupita kuona pengwini na sili. Hapo wanazaliana mamilioni ya ndege wa baharini wa jamii ya petreli. Wengi wao ni wadogo, wanachimba viota ardhini, na wanakuja nchi kavu usiku tu. Wanamkwepa skua, ndege mkubwa anayewawinda mchana. Kwao giza ndiyo kinga.

Halafu inakuja meli inayong'aa. Ndege hawa wanavutwa na taa na kupoteza mwelekeo, hasa usiku wa ukungu, mvua au theluji, kwa sababu matone yaliyo hewani hutawanya mwanga na kuifanya meli nzima izungukwe na wingu jeupe. Wanagonga kuta na vioo. Wanaoanguka kwenye sitaha wakiwa hai wana shida nyingine: miguu yao iko nyuma sana, imeumbwa kwa maji, hivyo wengi hawawezi kuruka tena kutoka kwenye sakafu bapa. Manyoya yakilowana au yakishika mafuta, baridi inawamaliza.

Makala iliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Antarctic Science ilieleza matukio ya namna hii kwenye maji ya kusini: karibu ndege 900 waliangukia sitaha, na zaidi ya 200 wakafa. Huko Alaska, mwaka 1977, inakadiriwa ndege wadogo wapatao 6,000 walitua kwenye meli ya uvuvi iliyokuwa na taa kali karibu na kisiwa cha Kodiak. Uzito wao wote ulikuwa kama tani moja na nusu, ukawa hatari kwa meli yenyewe.

Kuna jambo linaloongeza uchungu. Panya walioletwa South Georgia na meli za wawindaji wa sili na nyangumi walikula mayai na makinda ya ndege hawa kwa zaidi ya karne moja. Kazi ya kuwaondoa ilifanyika kwa awamu kuanzia 2011, helikopta zikimwaga sumu kisiwani, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Ndege wanarudi kwenye maeneo waliyokuwa wamefukuzwa. Itakuwa ajabu tuwaokoe na panya halafu tuwaue kwa taa ya kusomea. Ndiyo maana meli zinazofika pale zinatakiwa kupunguza taa za nje hadi zile za lazima na kufunga mapazia yote usiku. Wafanyakazi hukagua sitaha. Ndege aliyeanguka huwekwa ndani ya boksi, mahali penye giza na pakavu, hadi aweze kuachiwa.

Chini ya maji nako wanaona

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma, Zanzibar na Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa sehemu hii. Ukining'iniza karabai juu ya maji, dagaa wanakuja. Na usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, kwa sababu taa yao haina tena nguvu ya kushindana. Kanuni ni ileile ya hesabu yetu: taa inatawala pale ambapo hakuna mwanga mwingine.

Kila usiku, duniani kote, zooplanktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, hupanda kutoka kilindini kuja kula karibu na uso wa bahari, na kabla ya alfajiri hushuka. Saa yao ni mwanga. Mwaka 2020 watafiti waliokuwa Aktiki wakati wa usiku wa miezi mingi waliripoti kwamba taa za kawaida za meli yao ziliwabadilisha tabia samaki na zooplanktoni hadi kina cha mita 200, na mabadiliko yalianza ndani ya sekunde tano. Karabai anayo mvuvi mmoja. Meli inakwenda na mamia.

Basi tufanyeje?

Kuzima kila kitu haiwezekani. Abiria akijikwaa gizani ni tatizo, na kanuni zilezile za 1972 zinataka meli ya mita 100 au zaidi ikitia nanga iwashe taa za kazi kuangaza sitaha zake. Kuna mvutano wa kweli kati ya usalama wa meli na uhai wa ndege, na si sahihi kujifanya haupo. Lakini taa ya roshani iko upande rahisi wa mvutano huo, kwa sababu hakuna kanuni ya usalama wa bahari inayoihitaji.

Wahandisi wanaweza kuiweka chini karibu na sakafu, wakaifunika ili imulike miguu na si bahari, wakatumia rangi ya kahawia badala ya nyeupe yenye bluu nyingi, na wakaifunga swichi inayojizima mtu akiingia ndani. Wanaweza pia kuifanya izimwe kutoka chumba cha usukani.

Wewe abiria, au wewe utakayefanya kazi melini, jambo kubwa kuliko yote ni pazia. Mlango wa kioo wa roshani ni mpana, na taa za ndani zina nguvu kuliko ile ya nje. Zima taa ya roshani, funga pazia nyuma yako, halafu keti nje gizani dakika 20. Rodopsini yako itarudi, na utaona nyota ambazo jirani yako aliyewasha taa hazioni, ingawa amelipa bei ileile.