Amani Iliyokwama Kwenye Kivuko

Novemba 24, 1998, ndege za kwanza zilitua kwenye uwanja mpya wa kimataifa wa Gaza, kusini kabisa mwa ukanda ule, jirani na mji wa Rafah. Jengo la abiria lilichorwa kwa kufuata uwanja wa Casablanca, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Japani, Misri, Saudi Arabia, Hispania na Ujerumani. Ulikusudiwa kuhudumia abiria 700,000 kwa mwaka. Wiki tatu baadaye Bill Clinton, wakati huo Rais wa Marekani, alifika na kukata utepe pamoja na Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina. Kwa Wapalestina wengi hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya amani inayoonekana kwa macho: mtu wa Gaza anapanda ndege Gaza.

Uwanja huo ulifanya kazi kwa takriban miaka miwili tu. Intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina, ilipolipuka mwishoni mwa Septemba 2000, safari zilikatika. Desemba 2001 jeshi la Israel liliharibu rada na mnara wa kuongozea ndege, na Januari 2002 matingatinga yakaikatakata njia ya kurukia. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya vita kuharibu kitu kizuri, nayo ni kweli. Lakini hata uwanja ulipokuwa mzima, mamlaka juu ya usalama wake yalikuwa kwa Israel, na bila idhini yake hakuna ndege iliyoruka. Wafadhili walijenga uwanja. Haki ya kuutumia haikuwa yao kuitoa, wala haikuwa mikononi mwa walioujengewa.

Juhudi za kidiplomasia kati ya Waisraeli na Wapalestina zimezoeleka kupimwa siku ya saini. Picha hupigwa, mikono hushikwa, tarehe huingia kwenye vitabu. Mimi naona mahali sahihi pa kuzipimia ni kwenye kivuko, palipo na foleni ya malori na mtu mwenye kibali mkononi. Pale ndipo mpango hukutana na yule mwenye uwezo wa kuukatalia, kila asubuhi, bila kulazimika kutoa sababu.

Mfumo wenyewe uliwekwa Oslo. Baada ya mazungumzo ya siri yaliyoandaliwa na Norway, Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israel, na Arafat walipeana mikono Washington, Septemba 13, 1993. Makubaliano yaliyosainiwa siku hiyo yaliweka kipindi cha mpito cha miaka mitano, ambacho kingemalizika Mei 1999. Masuala mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi, yaliachwa yazungumzwe kabla ya muda huo kuisha. Mwaka 1995 Ukingo wa Magharibi uligawanywa katika maeneo A, B na C. Eneo C, lililobaki chini ya Israel kwa usalama na kwa utawala wa ardhi, leo ni karibu asilimia 60 ya ardhi yote. Mgawanyo huo ulikuwa wa muda, na ungali upo hadi leo.

Damu haikusubiri kipindi cha mpito kimalizike. Februari 1994 mlowezi mwenye bunduki aliwaua waumini 29 wakiwa katika swala msikitini Hebron. Aprili mwaka huohuo kundi la Kipalestina la Hamas lilianza kulipua mabasi ndani ya Israel, na familia za Kiisraeli zikajifunza kuogopa kituo cha basi. Novemba 1995 Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake aliyepinga makubaliano. Wakati huohuo walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiiacha Jerusalem Mashariki, waliokuwa takriban 110,000 mwaka 1993, walikaribia 200,000 kufikia mwaka 2000. Leo wamepita nusu milioni. Mei 1999 ilifika ikapita, na hakuna upande uliotakiwa kujieleza mbele ya mtu yeyote. Nadhani huo ndio udhaifu uliorithiwa na kila mpango uliofuata: tarehe ziliandikwa, lakini hapakuwa na wa kuuliza tarehe ilipopita.

Angalia njia salama ya kuunganisha Gaza na Ukingo wa Magharibi. Iliahidiwa tangu mwanzo kabisa, kwa sababu maeneo hayo mawili yametenganishwa na ardhi ya Israel, na mwanafunzi au mfanyabiashara asiyeweza kutoka moja kwenda jingine hawezi kusema ana nchi. Njia ilifunguliwa Oktoba 1999, kutoka kivuko cha Erez, kaskazini mwa Gaza, hadi Tarqumiya karibu na Hebron. Oktoba 2000 ilifungwa. Ahadi ya miaka sita ilizaa barabara ya mwaka mmoja.

Mfano ninaourudia zaidi, kwa kuwa ndani yake kila kitu kiliandikwa kwa uangalifu, ni ule wa mwaka 2005. Agosti na Septemba mwaka huo Israel iliondoa walowezi na wanajeshi wake Gaza. Kundi la Pande Nne, yaani Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa, lilikuwa limemteua James Wolfensohn, aliyetoka kuongoza Benki ya Dunia, awe mjumbe wake wa kusimamia upande wa uchumi. Wolfensohn aliona vitalu nyumba vya walowezi, maelfu kwa idadi, vilivyokuwa vikitoa mboga na matunda kwa soko la Ulaya. Alichangisha dola milioni 14 kuvinunua ili wakulima wa Kipalestina waviendeleze, na dola 500,000 kati ya hizo zilitoka mfukoni mwake. Baadhi ya walowezi walikuwa wamebomoa vyao kabla ya kuondoka. Jeshi lilipotoka, waporaji waliingia na kuchukua pampu, mabomba na plastiki. Bado vingi vilikarabatiwa, vikapandwa nyanya, pilipili na stroberi, na mavuno ya kwanza yakawa tayari kwa msimu wa baridi, wakati bei ya Ulaya iko juu.

Novemba 15, 2005, Condoleezza Rice, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitangaza makubaliano ya usafiri na upitaji. Yalikuwa na idadi na tarehe: malori 150 ya bidhaa za kuuza nje yapite kivuko cha Karni, kati ya Gaza na Israel, kila siku kufikia mwisho wa mwaka, na 400 kufikia mwisho wa 2006, misafara ya mabasi kati ya Gaza na Ukingo wa Magharibi ianze Desemba 15, ujenzi wa bandari uanze. Ukiusoma mpango huo leo unaona kazi ya watu waliofikiri.

Mabasi hayakuanza, si Desemba 15 wala baada ya hapo. Bandari haikujengwa. Karni ilifungwa siku nyingi mwanzoni mwa 2006, na hata ilipofunguliwa malori ya bidhaa za kwenda nje hayakufika popote karibu na 150. Israel ilitaja tahadhari za mashambulizi, na hofu hiyo ilikuwa na historia: Januari 2005 Wapalestina wenye silaha waliwaua Waisraeli sita kwenye kivuko hichohicho. Lakini nyanya iliyoiva haiwezi kusubiri tahadhari iondolewe. Mavuno yalioza, mengine yakatupwa, na kufikia katikati ya 2006 mradi ulikuwa umesimama. Wolfensohn alikuwa ameshaachia kazi.

Kivuko cha Rafah, kwenye mpaka wa Gaza na Misri, kilikuwa na mpango wake. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya wangekaa pale, Wapalestina wangeendesha ukaguzi, na Israel isingekuwapo. Kwa miezi saba kilifanya kazi vizuri, na inafaa kusema hivyo waziwazi, kwa sababu wapo wanaodai hakuna kilichowahi kuwezekana. Ila waangalizi hao walikuwa wakiishi Ashkelon, ndani ya Israel, na njia yao ya kwenda kazini ilipita Kerem Shalom, kivuko kilicho chini ya Israel. Israel ikiifunga Kerem Shalom, Wazungu hawafiki. Wasipofika, Rafah haifunguki. Juni 25, 2006, wapiganaji wa Kipalestina walimteka askari Gilad Shalit karibu na hapo, na tangu siku hiyo Rafah ilikuwa imefungwa zaidi ya kufunguliwa. Hamas ilipotwaa Gaza kwa nguvu Juni 2007, kazi ya waangalizi ilisimamishwa. Mpango uliosifiwa kwa kuiweka Israel kando ulikuwa umeacha barabara ya kufikia kazini mikononi mwa Israel. Mtu aliyetembea njia ile mara moja tu kabla ya kuandika kifungu kile angeliona hilo.

Upande wa maji hadithi inafanana, ingawa haina milipuko ya kuifikisha kwenye habari. Makubaliano ya 1995 yaliunda Kamati ya Pamoja ya Maji kwa Ukingo wa Magharibi, ambamo kila upande ulihitaji kukubali. Kwenye karatasi huo ni usawa. Kwa vitendo, kisima cha Wapalestina kilihitaji idhini ya Israel ndani ya kamati, na kikiwa Eneo C kilihitaji idhini nyingine ya utawala wa kijeshi. Nao Wapalestina walitakiwa kuidhinisha mabomba ya kwenda kwenye makazi ya walowezi wanayoyaona ni haramu. Walipokataa, kamati iliacha kukutana, kuanzia 2010 hadi 2017. Mtoto wa kijiji aliyezaliwa mwaka ilipoacha kukutana alikuwa shuleni ilipokutana tena.

Machi 2007 ukuta wa bwawa la maji taka ulibomoka huko Umm al-Nasr, kaskazini mwa Gaza, na uchafu ukafurika nyumba za watu. Watano walikufa. Hatari hiyo ilikuwa inajulikana: Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikuwa wameshaanza mradi wa mtambo mpya miaka kadhaa kabla. Mabomba, saruji na pampu vilihitaji vibali, kwa kuwa Israel iliviorodhesha kuwa vitu vinavyoweza kutumika pia kijeshi. Vita vilikuja vikapita, umeme ukawa haba. Mtambo ulizinduliwa 2018, miaka 11 baada ya maafa. Nautaja kwa heshima, maana wahandisi wa pande zote walioufikisha mwisho walifanya jambo ambalo mawaziri hawakuliweza. Baada ya Oktoba 2023 mitambo ya maji taka ya Gaza ilisimama, na maji machafu yakarudi mitaani.

Oktoba 7, 2023, Hamas na makundi mengine yaliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuwateka 251. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Vita vya Israel vilivyofuata huko Gaza vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina, wakiwamo wanawake na watoto wengi, na kugeuza miji kuwa kifusi. Hakuna hesabu ya miradi inayoweza kulinganishwa na hasara hiyo, na siilinganishi.

Lakini sasa kuna mpango mwingine, na ni lazima usomwe kwa macho yaliyofunzwa na ile iliyotangulia. Septemba 29, 2025, Rais Donald Trump alitangaza mpango wa vipengele 20. Mapigano yalisitishwa Oktoba 10. Siku tatu baadaye mateka 20 waliokuwa hai waliachiwa wote, na Israel ikawaachia wafungwa na mahabusu wa Kipalestina karibu 2,000. Novemba, mabaki ya mmoja wa wale vijana wa Kitanzania yalirejeshwa kutoka Gaza. Sehemu hii ilitekelezwa kwa sababu kila upande ulishika kitu ambacho mwenzake alikitaka, watu walihesabiwa kwa majina, na aliyekwama angeonekana siku hiyohiyo.

Malori ya misaada, yaliyokubaliwa kuwa 600 kwa siku, hayakuwa na kinga ya namna hiyo. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada yaliendelea kulalamikia vivuko vilivyofungwa na shehena zilizozuiwa, huku Israel ikisisitiza kwamba inatimiza wajibu wake. Mashambulizi yaliendelea kuua watu baada ya tarehe ya kusitisha mapigano. Jeshi la Israel lilibaki katika zaidi ya nusu ya Gaza, nyuma ya mstari wa kusitisha mapigano unaoitwa mstari wa manjano, na Hamas haikuweka silaha chini. Novemba 17, 2025, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2803 kwa kura 13, Urusi na China zikijizuia, likaidhinisha Bodi ya Amani ya kusimamia kipindi cha mpito Gaza na kikosi cha kimataifa cha kuleta utulivu. Kikosi hicho kinatakiwa kushirikiana na Israel na Misri, ambazo ndizo zenye vivuko.

Ndiyo maana nasema wanadiplomasia wameshindwa mahali palepale kwa zaidi ya miaka 30. Wametafuta maneno ambayo pande mbili zinaweza kuyatia saini, na wamekwepa kumteua mwamuzi mwenye mamlaka ya kutamka nani amevunja ahadi, na mwenye uwezo wa kumtoza gharama. Mwisraeli anayehofia roketi anamhitaji mwamuzi huyo, na mkulima wa Gaza anamhitaji zaidi, kwa kuwa hana jeshi la kumfungulia kivuko. Marekani ingeweza kuwa mwamuzi huyo na haijataka. Umoja wa Ulaya umelipia majengo, umeyaona yakivunjwa, ukalipia tena.

Idhini ya Azimio 2803 inafikia ukomo Desemba 31, 2027. Kabla ya siku hiyo zitasomwa hotuba nyingi na kutolewa ahadi za mabilioni ya dola. Nawaomba wahariri na wasomaji wetu wa Kiswahili wazisikilize, kisha wadai taarifa tatu kila wiki: malori mangapi yamepita, wagonjwa wangapi wametoka kupitia Rafah, na nani ameulizwa pale idadi ilipopungua.