Kukanyaga baiskeli katikati ya matibabu ya saratani

Mwaka 1980 watu 36 walipanda baiskeli mjini Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakaelekea Provincetown, mji ulio kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod. Aliyewakusanya, Billy Starr, alikuwa amefiwa na mama yake mwaka 1974 kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Safari hiyo ilileta mchango wa dola 10,200. Msafara huo, Pan-Mass Challenge, bado unafanyika kila Agosti kuichangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber ya jijini Boston. Waendeshaji sasa ni maelfu, na kufikia mwaka 2024 jumla ya michango ilikuwa imepita dola bilioni 1.

Fedha zina kazi yake inayojulikana: kulipia maabara, watafiti na majaribio ya dawa. Kinachonigusa zaidi ni waendeshaji ambao wenyewe ni wagonjwa au wamewahi kuugua, baadhi yao wakiwa bado kwenye matibabu. Mtu aliyetundikiwa dripu ya tibakemikali majuzi anapata wapi nguvu ya kupanda kilima? Na je, hajihatarishi?

Kwa miaka mingi ushauri uliozoeleka ulikuwa mmoja: pumzika. Ulitolewa kwa huruma, na nyumbani tunautekeleza kwa huruma hiyohiyo. Mama akianza dawa, watoto wanamnyang'anya ufagio, chakula kinamfuata kitandani, na akisimama tu anaambiwa akae. Shida ni kwamba uchovu wa saratani haufanani na ule wa kutoka shambani, ambao usingizi wa usiku mmoja huumaliza. Tibakemikali hudhoofisha uboho wa mifupa unaotengeneza damu, hivyo oksijeni inayofika mwilini hupungua. Kinga ya mwili nayo hubaki katika hali ya mapambano, ikitoa kemikali zinazoleta unyong'onyevu. Usingizi huvurugika, misuli hunywea. Mgonjwa akizidi kulala, misuli hunywea zaidi. Kesho kwenda msalani tu kunamwacha akihema, basi anarudi kulala.

Mazoezi hukata mzunguko huo. Msuli unaotumika hujenga mitokondria mpya, yaani vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula kuwa nishati, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilipitia tafiti zilizokuwapo likakubaliana kwamba mazoezi ya kadiri ya nusu saa, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wenye saratani. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliwataka madaktari wawashauri wagonjwa wanaotibiwa kwa lengo la kupona wafanye mazoezi matibabu yakiwa yanaendelea.

Habari kubwa zaidi ilitoka mwaka 2025. Utafiti uitwao CHALLENGE, uliofanyika zaidi Kanada na Australia, uliwafuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali. Nusu yao walipewa vijitabu vya ushauri wa afya. Nusu nyingine, pamoja na vijitabu, walipangiwa programu ya mazoezi ya miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya kundi la mazoezi walikuwa hai bila saratani, dhidi ya 73.9 ya wenzao. Kufikia mwaka wa nane, asilimia 90.3 walikuwa hai, dhidi ya 83.2. Tofauti ya namna hiyo ingetokana na kidonge kipya, kingetangazwa kila kona.

Msomaji asipite haraka kwenye kile walichopewa. Makundi yote mawili yaliambiwa mazoezi ni mazuri. Lililofanikiwa zaidi lilikuwa na mtaalamu wa kukutana naye, wa kuuliza wiki imekwendaje, wa kurekebisha mpango goti likiuma. Hapo ndipo ninapouona msafara wa Massachusetts kwa jicho jingine. Kujiandikisha pamoja na timu ni kupata watu watakaokugongea mlango Jumamosi asubuhi.

Lakini tusiupe umoja sifa zisizo zake. Mwaka 1989 daktari wa akili David Spiegel alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kila wiki katika kikundi cha kusaidiana, waliishi muda mrefu zaidi. Wengi walishangilia. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2001 haukuona nyongeza yoyote ya maisha; uliona kwamba wanakikundi waliokuwa na majonzi walipata nafuu, na maumivu yalipungua kuwasumbua. Kwangu hilo linatosha kabisa kuwa sababu ya kukutana, na hakuna haja ya kumwahidi mgonjwa zaidi.

Msafara wa hisani una jambo moja la ziada. Mgonjwa hutumia miezi mingi akipokea: dawa, sala, uji, pole. Anapochangisha fedha kwa ajili ya watakaougua baada yake, anarudi kuwa mtu anayetegemewa. Katika Pan-Mass Challenge hata watoto wanaotibiwa Dana-Farber huunganishwa na timu, na waendeshaji wanajua wanamkanyagia nani.

Baiskeli yenyewe si lazima. Lengo la CHALLENGE lilikuwa kuongeza mazoezi yanayolingana na kutembea haraka kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki, na barabara zetu nyingi ni salama zaidi kwa miguu. Kabla ya kuanza, daktari aulizwe kuhusu kiwango cha damu na chembe sahani, kwa sababu chembe sahani zikishuka sana kuanguka kidogo kunaweza kusababisha kutokwa na damu ndani kwa ndani. Saratani ikiwa imeingia kwenye mifupa, mizigo na mitikisiko inahitaji tahadhari. Mwenye ganzi ya miguu kutokana na dawa ni afadhali atumie baiskeli ya mazoezi isiyotembea. Dawa kama doksorubisini huweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema kusiko kwa kawaida ni ishara ya kusimama na kupiga simu hospitali. Siku ya homa hakuna mazoezi: mgonjwa aliye kwenye tibakemikali akipata homa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.