Sura ya Sita: Aliruka Kweli, Paris Haikuwepo

Kila inapotoka picha mpya ya Mission: Impossible, ubishi ni uleule, kuanzia kwenye vibanda umiza hadi kwenye kumbi zenye viyoyozi. Mmoja atasema, "Ile yote ni kompyuta." Mwenzake atamjibu kwamba Tom Cruise hatumii ujanja wowote, kila kitu ni kweli tupu. Wote wawili wamekosea, na sura hii nimeiandika kwa ajili yao. Yupo pia wa tatu, siku hizi hakosekani, atakayeshusha sauti na kusema mtu wa kawaida hawezi kuning'inia nje ya ndege akabaki hai, kwa hiyo lazima yumo Freemason. Huyo nitamjibu kwa ufupi. Katika picha ya mwaka 2015, kilichomshikilia Cruise ubavuni mwa ndege ya Airbus A400M ni mikanda na nyaya zilizofungwa na mafundi wanaoijua kazi yao, na macho yake yalikingwa kwa lenzi maalumu zisizopitisha vumbi. Kumpa shetani sifa ya kazi ya fundi ni dhuluma.

Nilikusudia kuigawa sura hii mafungu matatu: nyuso za bandia, ukimya, na hatari. Nyuso za bandia hazihitaji maneno mengi. Tangu enzi za mfululizo wa televisheni ulioanzishwa na Bruce Geller mwaka 1966, mtu huvua uso wa mwenzake na watazamaji wakaguna. Siri yake ni nyepesi: anayeigiza ni mwenye sura yake mwenyewe hadi mkono unapofika shingoni, kisha picha inakatwa, au kompyuta inaziunganisha nyuso mbili, na mwigizaji wa pili anashika nafasi. Ukimya nao una mfano mmoja usiopitwa, chumba cha kompyuta cha CIA katika picha ya kwanza ya 1996, pale mwongozaji Brian De Palma alipoondoa muziki wote akatuachia tone la jasho. Itafute uitazame.

Hatari ndiyo inayonipa kazi. Kila mtazamaji anajua stelingi hafi. Ethan Hunt, anayeigizwa na Cruise, hafi leo, hatakufa nusu saa ijayo, na tiketi tumeikata tukilijua hilo. Basi kwa nini viganja vinaloa jasho?

Tuichukue Fallout ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Christopher McQuarrie. Hunt na mwenzake wanaruka kutoka kwenye ndege juu ya Paris, giza linaingia, radi inapiga, mwenzake anazimia, na Hunt anamfukuzia angani amwokoe kabla ardhi haijawafikia. Cruise aliruka kweli, ila aliruka juu ya Abu Dhabi, kutoka kwenye ndege ya kijeshi aina ya C-17. Yale mawingu ya dhoruba na taa za Paris chini yake vilichorwa baadaye.

Urefu ulikuwa futi 25,000, yaani takriban mita 7,600. Kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro ni mita 5,895. Huko juu hewa ni nyembamba, na kabla ya kuruka ilibidi wavute oksijeni tupu ili naitrojeni itoke mwilini, isije ikafanya mapovu kwenye damu. McQuarrie alitaka mwanga wa magharibi, ule unaodumu dakika chache tu jua likishazama. Kwa hiyo jaribio lilikuwa moja kwa siku. Likiharibika, ni hadi kesho. Ukijumlisha na mazoezi, Cruise aliruka zaidi ya mara 100.

Mbele yake alikuwepo mtu ambaye wabishi wetu hawamtaji kabisa. Craig O'Brien, kamera ikiwa imefungwa kwenye kofia yake, alitoka ndegeni kinyumenyume, akaanguka huku akimtazama Cruise, na alitakiwa kumweka ndani ya fremu wakati masafa kati yao yakibadilika hadi kubaki chini ya mita moja. Picha ikififia hata kidogo, kazi ya siku nzima imepotea.

Sasa itazame kofia ya Cruise. Ilikuwa chombo halisi cha kupumulia, lakini kioo chake kilifanywa kipana, na ndani ziliwekwa taa za kuuangaza uso. Hakuna askari anayeruka usiku kwenda kwa adui huku amejimulika uso. Angeonekana na kila mtu. Taa zile ni uongo mtupu, na bila uongo huo hatari ya kweli isingetufikia. Katika picha za kawaida mtu akianguka tunaonyeshwa mgongo wa mwanamichezo wa hatari kwa mbali, kisha uso wa mwigizaji akiwa studio, akipulizwa na feni. Jicho linaujua mshono huo hata kama mdomo hauwezi kuueleza. Hapa uso, mwili na anga vimo ndani ya fremu moja, na kamera haikati. Hata pale wahariri walipounganisha mruko mmoja na mwingine, waliuficha mshono. Hofu inatoka hapo. Jicho halijapewa nafasi ya kupumzika wala kushuku.

Kanuni ni hiyohiyo kwingineko. Kwenye Burj Khalifa, katika picha ya 2011, nyaya zilizomshika zilifutwa kwa kompyuta. Kule Norway, kwa picha ya 2023, aliruka jabali na pikipiki kweli, lakini njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili ya mruko ule ilifunikwa kwa mwamba wa kuchorwa. Ndiyo maana maneno yanayovuma sasa, kwamba picha nzuri ni ile isiyoguswa na kompyuta, ni upuuzi. Wachoraji waliofuta nyaya na kuujenga mwamba ule wamekaa miezi wakifanya kazi ambayo mafanikio yake ni kutoonekana, na kudai hawakuwepo ni kuwanyima haki yao.

Ukiketi kuitazama The Final Reckoning ya mwaka 2025, usihangaike kuuliza kipi ni kweli na kipi si kweli. Hesabu kimoyomoyo muda unaopita kabla picha haijakatwa, na angalia kama uso wa mtu na ardhi iliyo chini yake vimo pamoja. Picha yenyewe ina karibu saa 3, na sehemu ya mwanzo imejaa maelezo kupita kiasi; hilo silitetei. Lakini zile ndege ndogo za mabawa mawili zilizopigwa picha juu ya milima ya Afrika Kusini, Cruise akiwa ameng'ang'ania bawa huku upepo ukiuvuta uso wake, zinapita kipimo hicho bila shaka. Zitazame kwenye skrini kubwa kuliko zote utakayoweza kuipata.